Mapipa Kumi na Saba

Jumatatu, 2 mwezi wa tisa

Mashini zote za kukamua mawese, kutoka Kigwena mpaka Muhuta, nimezitengeneza mimi Uledi, kwa hii mikono miwili. Zote! Hakuna mwenye michikichi asiyenijua.

Nimesoma tena hapo juu. Uongo mutupu. Muke wangu Hadjara akisoma atacheka mpaka siku ya pili. Bahati nzuri hatasoma. Hili daftari ni lake, alinunua alipotaka kujifunza herufi, akafika ukurasa wa tatu akasema macho yanamuuma. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule. Kwa hiyo sisi wote wawili tuko watu wa tatu.

Ukweli iko hivi. Mimi nakata bati nene na kuikunja iwe pipa. Basi. Ile visi, skrubu kubwa ya katikati, inayoshuka na kukamua, anaichonga Djibril kwa turu yake, ile mashini ya kuzungusha chuma. Miguu na fremu anasude Leonidasi, anaunga chuma na chuma kwa moto. Wateja wanakuja kwangu kwanza kwa sababu mulango wangu ndio wa kwanza kutoka barabarani. Na kwa sababu nina domo.

Tuko milango mine chini ya paa moja, nyuma ya soko. Wa nne ni wa Kadidja, anapika sabuni ya mawese. Yeye si mufundi wa chuma, lakini vyuma vyetu vingi vinaishia kwake. Kila mulango una mashini yake moja, na hakuna mutu ananunua mashini ambayo jirani anayo. Haikuandikwa popote. Ukitaka kuchonga, nenda kwa Djibril. Ukitaka kukata, njoo kwangu. Na ukiwa na kitu kirefu kinachotaka mutu wa upande wa pili, unagonga chuma mara tatu — ta, ta, ta — aliye karibu anaacha kazi yake anakuja kushika. Hasemi kitu, haambiwi asante. Hatuhesabu. Mutu anayehesabu kushika, huyo apelekwe hospitali.

Alhamisi, 5 mwezi wa tisa

Wiki hii mustari wetu wa milango mine umetoa: miguu ya madeski, maana shule inafunguliwa. Vyuma vya kutundikia taa za wavuvi. Kisu cha nyaya cha Kadidja cha kukatia sabuni. Kiti cha nyuma cha baiskeli ya mutu wa Gatete ambaye muke wake amenenepa — yeye ndiye alisema hivyo, si mimi!

Mwaka huu ziwa lilipopanda likaingia nyumba za chini, tulitengeneza nini? Miguu mirefu ya vitanda. Watu walale juu ya maji. Wiki tatu tulikuwa mafundi wa vitanda. Maji yakashuka, tukarudi kwenye mapipa na visi.

Bibi Zipora wa Kigwena alikuja kutusalimia. Huyu ni mufupi, mufupi kweli. Mwaka juzi alilalamika kwamba mashini yetu inamufanya arukeruke kama kuku akiushika ule mukono wa juu. Leonidasi akakata miguu, Djibril akafupisha visi, mimi nikapunguza pipa. Siku mbili tu. Sasa wanawake wote wafupi wa Kigwena wanataka "ile ya Bibi Zipora". Kumbe wafupi ni wengi.

Leo Djibril alipanda juu ya paa kuziba tundu. Nikamushikia ngazi tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Huko juu alikuwa anaimba. Nikamwambia: usiponyamaza naachia. Akasema: "Achia, muzee, nikuangukie wewe, watuzike kaburi moja, ugombane na mimi mpaka kiyama." Aliposhuka nikamwambia hii kushika ya leo nitaihesabu, ilikuwa ndefu mno. Akacheka: "Andika, muzee, andika."

Basi nimeandika.

Jumanne, 10 mwezi wa tisa

Amekuja mutu kutoka Buja, yaani Bujumbura, anaitwa Revokatus. Viatu vyake vimechongoka mbele, unaweza kuchomea mahindi. Ana karatasi ya proje, mradi wao. Wanataka mashini arobaini za mawese kwa vyama vya wakulima, modeli moja, kimo kimoja, rangi moja ya kijani. Arobaini! Kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, msimu wa mawese usianze bila wao.

Tulikuwa tumesimama wote mbele ya milango. Revokatus akatazama hapa, akatazama pale, akauliza: patron ni nani, bosi wa hapa?

Swali hilo hatujawahi kuulizwa. Djibril alikuwa anafuta mikono. Leonidasi anatazama chini, huyu alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, adabu inamuua. Kadidja alikuwa na mwiko wa sabuni.

Nikasikia mutu anasema: "Mimi."

Mutu huyo alikuwa mimi.

Jumatano, 11 mwezi wa tisa

Masharti ya Revokatus. Mukandarasi mumoja, atelye moja, yaani karakana moja, kila mashini ndani ya kuta zake. Hawezi kuandika kwenye karatasi yake kwamba pipa linatoka mulango huu na visi mulango ule na watu wanakimbia huku na huku. Nikamwambia hapa siku zote tunafanya hivyo. Akasema ndiyo maana siku zote muko hapa.

Nilicheka. Usiku wake sikucheka tena, lakini mbele yake nilicheka.

Kadidja amekuja kuagiza kalibu mpya, watu wa Uvira wanataka sabuni ndogo za mviringo. Nikamwambia asubiri mwezi wa kumi na moja.

— Muzee Uledi, sabuni haisubiri.

— Basi pika ya mraba.

— Wanataka ya mviringo wiki hii. Wiki ijayo watataka ya nyota. Wewe si unajua?

Najua. Ndiyo kazi yetu yote, kujua hilo. Nikamwambia tena asubiri.

Jumatatu, 16 mwezi wa tisa

Maulidi. Jana nilimwambia Djibril alete turu ndani ya mulango wangu, mwezi mmoja na nusu tu. Alinitazama kama nimemuomba ini lake. Akasema turu ile aliisimika baba yake, na mimi mwenyewe nilishika upande wa pili siku hiyo. Kweli, nilishika. Nilikuwa na nywele.

Nikamwambia akikataa, Revokatus ataleta visi kutoka Buja, zimetengenezwa tayari.

Akasema: "Muache alete."

Leo muskitini tulikaa kila mutu kwenye mukeka wake. Wakagawa biriani. Djibril ndiye alikuwa anagawa. Sahani yangu alinipa, nyama mbili kama kila mutu, na hakunitania. Siku zote ananipa mufupa anasema "huu wa meno yako". Biriani haikuwa na ladha. Hadjara anasema ilikuwa tamu sana.

Ijumaa, 20 mwezi wa tisa

Leonidasi amehamia kwangu na mashini yake ya kusude. Aliingia akisema: "Shikamoo mzee wangu, niiweke wapi?" Anaongea Kiswahili cha Tanzania, kama redio. Watoto wake wanataka kwenda shule, hakuweza kukataa.

Kati ya mulango wangu na wa Djibril palikuwa wazi siku zote, unatembea tu. Nimejenga ukuta wa bati. Revokatus alitaka picha ya kuta nne. Nilitumia bati nzuri, urefu unanipita kidogo. Nilipopigilia musumari wa mwisho nikasikia upande wa pili Djibril amesimamisha turu. Akaiwasha tena.

Mapipa: sita.

Ijumaa, 27 mwezi wa tisa

Mapipa kumi na moja, fremu kumi na moja. Visi: hakuna hata moja. Revokatus anasema lori iko tayari Buja lakini esansi ya kutia garini hakuna, magari yamepanga foleni mpaka yameota nyasi. Nimemwambia mimi nina jirani mwenye turu, hapa hapa, hatua kumi. Akauliza: yuko ndani ya kuta? Hayuko. Basi.

Yule mutu wa Gatete wa baiskeli alikuja anataka mashini ndogo, ana michikichi tisa tu. Nikamwambia sasa natengeneza modeli moja. Akauliza: "Kwani umekuwa askari?" Akaondoka.

Nimesikia baadaye amepita nyuma ya ukuta.

Alhamisi, 3 mwezi wa kumi

Sitaki kuandika. Lakini nikiacha ya leo, yote mengine ni domo tu.

Revokatus alikuwa hapa na karatasi, anahesabu fremu. Alishasema mara mbili kwamba atelye ambayo wafanyakazi wanatoka mbio kila chuma ikilia si atelye. Saa nne asubuhi, nyuma ya ukuta:

Ta, ta, ta.

Leonidasi akaacha kazi, akainuka. Mimi nikamwambia: "Kaa."

Akanitazama. "Mzee, ni Djibril."

"Nimesikia. Kaa."

Akakaa. Miaka thelathini na kitu chini ya paa hili na sijawahi kumukataza mutu kwenda kushika. Neno dogo vile. Kaa. Kama unamwambia mbwa.

Ikagonga tena. Ta, ta, ta. Polepole, kama mutu anayegonga kwa mukono mumoja. Nikafikiri Kadidja atakwenda. Kadidja alikuwa na mikono kwenye magadi, mpaka anawe...

Kisha chuma ikaanguka. Kisha Djibril.

Hakupiga kelele. Alisema "Mama" mara moja, kama mutoto anayeita aletewe maji.

Alikuwa anatoa mhimili mukubwa wa turu peke yake. Umemuangukia muguu wa kushoto. Vidole viwili hakuna tena. Nilifika pale nyuma ya watu wengine wote, mimi wa mulango wa jirani! Sababu ya ukuta nililazimika kuzunguka barabarani.

Revokatus aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Jumatano, 9 mwezi wa kumi

Nilikwenda kumuona Djibril nyumbani. Nilipeleka ndizi. Muke wake Sumaya alizipokea, akasema murakoze, asante ya Kirundi, akasema mume wake amelala. Nilimusikia anakohoa. Mutu hakohoi hivyo akilala.

Mapipa kumi na saba. Rangi ya kijani imefika. Visi hazijafika.

Alhamisi, 17 mwezi wa kumi

Revokatus hashiki simu. Nimempigia kwa simu yangu, kwa simu ya Hadjara, kwa simu ya imamu.

Jumanne, 22 mwezi wa kumi

Ameshika. Furaha nyingi kwenye sauti. Ati proje imebadilika kidogo. Washirika wameona mawese yana watu wengi, sasa wanataka mashini za kupukuchua mahindi, za kwenda milimani. Je, mimi patron naweza kubadilisha? Sampuli moja, siku nne?

Siku nne! Zamani ningemucheka, tungemupa kwa siku tatu. Djibril achonge ngoma ya chuma yenye meno, Leonidasi asude, mimi nikunje mufuniko, Kadidja atukane wote, jioni imekwisha. Mustari huu ulikuwa unageuka kama samaki. Leo nimekaa na mapipa kumi na saba, kimo kimoja, rangi moja, hayana visi, na mashini yangu inajua kukata tu.

Nikamwambia siwezi.

Akasema: "Pole, patron." Akakata.

Hadjara alikuwa mulangoni. Mwanamuke huyu ananitukana tangu mwaka tulioana, na leo ndiyo amechagua kunyamaza!

Jumatatu, 28 mwezi wa kumi

Leonidasi aliomba ruhusa. "Mzee wangu, naomba nirudi mlangoni kwangu, kama hutajali." Nikamwambia rudi, na hiyo lugha yako ya redio uende nayo. Alicheka kidogo. Alipotaka kubeba mashini yake ya kusude, nikainuka kushika upande wa pili. Kadidja akawa ameshashika. Wakaenda, wanazungukia barabarani.

Djibril amerudi kazini na fimbo. Sijamuona. Nasikia fimbo. Chuma kwa saruji: tok. Anakaa kwenye kiti mbele ya turu. Nasikia turu, nasikia Leonidasi, nasikia Kadidja anagombana juu ya kalibu, sasa watu wa Uvira wanataka sabuni ya umbo la samaki. Mutu wa Gatete alikuja kuchukua mashini yake ndogo ya michikichi tisa. Pipa lake walilitoa wapi? Nilichungulia tundu la musumari. Ni pipa la zamani la mafuta, wamelikata kwa msumeno wa mukono. Mbaya! Kingo zimepinda kama sikio. Lakini inakamua.

Nilitaka kupiga kelele: leteni hapa niikate sawasawa! Nikabaki na jicho kwenye tundu.

Jumamosi, 2 mwezi wa kumi na moja

Kila siku nyuma ya ukuta kunagongwa. Ta, ta, ta. Kisha miguu inakwenda mbio, kisha fimbo, tok tok, hata yeye anakwenda. Kisha kicheko.

Jana iligongwa na mimi nikainuka. Kabisa, nikafika barabarani. Halafu nikakumbuka ile "kaa" yangu. Nikajifanya natazama kama mvua inakuja. Haikuwa inakuja.

Nimejaribu kuuza mapipa ya kijani kama ya kuwekea maji. Hayana kitako. Kuku wa Hadjara wanatagia mawili.

Jumanne, 5 mwezi wa kumi na moja

Bibi Zipora amekuja asubuhi na mapema, amebebwa kwenye baiskeli kutoka Kigwena. Pipa la mashini yake limetoboka kwa kutu. Visi iko nzima, fremu nzima. Pipa tu. Chikichi zake zimevunwa tangu juzi, ziko kwenye lundo zinaanza kuchacha, zikikaa mpaka kesho mawese yatakuwa machungu na mwaka wake umekwisha hapo. Alipita nyuma kwanza. Kadidja akamwambia: pipa ni kwa Muzee Uledi, sisi hatujui kukunja bati nene ya kimo chako.

Alisema hivyo. Angeweza kumwambia nimekufa.

Nikamwonyesha Bibi Zipora mapipa kumi na saba. Akasimama mbele ya moja. Linamufikia kidevuni.

— Hili ni la kunikamua mimi mwenyewe, Uledi?

Nimelikata moja. Nimelifungua lote, rangi yake ya kijani na yote, nimepima kimo cha Bibi Zipora kwa kamba kama fundi wa nguo. Kukata ni kazi ya mutu mumoja. Kukunja si kazi ya mutu mumoja. Nimejaribu. Nimefunga upande mumoja na kamba, kamba imekatika. Hadjara ameshika, bati imemuruka, karibu impige usoni, nikamwambia aache. Bibi Zipora akataka kushika yeye. Meza inamufikia kidevuni pia.

Nikachukua nyundo. Nikagonga.

Ta, ta, ta.

Nyuma ya ukuta turu ikasimama. Kusude kukasimama. Wamesikia. Nilisikia Leonidasi anasema kitu kwa sauti ya chini, na Djibril anajibu neno moja. Sikulisikia vizuri. Linaweza kuwa neno lolote fupi.

Hakuna aliyekuja.

Nimegonga tena. Polepole.

Sasa naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Bati iko mezani, nusu imekunjwa. Bibi Zipora amekaa juu ya pipa la kijani nililolilaza, miguu haigusi chini, ananitazama naandika, anafikiri ni hesabu ya kazi. Jua limeshapanda. Chikichi zake ziko Kigwena zinachacha.

Nimefungua ukurasa wa tarehe 5 mwezi wa tisa. Ile ngazi iko pale, kwa kalamu. Hatuhesabu kushika, nimesema mwenyewe kwamba anayehesabu apelekwe hospitali. Kwake yeye nina deni la vidole viwili. Kwangu yeye ana deni la ngazi moja. Lakini vidole sina njia ya kuvirudisha, na ngazi ninayo kwenye daftari.

Nimekwenda na daftari mpaka kwenye ukuta. Nimeweka mudomo karibu na tundu la musumari. Nimesema hivi, naandika kama nilivyosema:

"Djibril, mwanangu. Ile ya ngazi. Uliniambia niandike, niliandika. Njoo unishikie upande mumoja. Si kwa ajili yangu, ni pipa la Bibi Zipora. Uzunguke polepole. Unaweza kushika umekaa, nimeshaweka kiti."